Umeme wa usiku unamwagika, wa jioni hautoshi

Na Mwandishi Wetu

Ijumaa ya Septemba 6, 2024, saa tatu kasoro dakika nne asubuhi, laini ya umeme inayotoka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ilijikata katika kituo cha Suswa, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya. Ilikuwa imebeba megawati 288 za umeme wa upepo. Muda mfupi baadaye laini nyingine kubwa, ile inayoleta umeme kutoka Ethiopia, nayo ikajikata ikiwa na megawati 200. Jumla zikawa megawati 488, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukitumika Kenya asubuhi ile. Sehemu kubwa ya nchi ikazimika.

Msomaji mwenye samaki njiani kutoka Mwanza kwenda Nairobi, au mwenye stoo ya maziwa Busia, hahitaji kuelezwa maana ya asubuhi kama hiyo. Umeme ukikatika upande mmoja wa mpaka, hasara hailali upande huo. Barafu inayeyuka, mashine ya kusaga inasimama, wateja wanaolipa kwa simu wanakosa mtandao. Mwandishi wa makala haya amewahi kushinda kwenye kituo kimoja cha mpakani akitazama malori ya vitunguu yamepanga foleni jua kali, wakala wa forodha akirudia neno moja tu: sistimu imelala. Jenereta liliwaka baada ya dakika chache. Mtandao haukuwaka mpaka alasiri, na vitunguu vya chini kabisa kwenye lori vilishaanza kutoa harufu.

Kinachofanya jambo hili liumize zaidi ni kwamba nchi hiyohiyo iliyokosa umeme saa tatu asubuhi ilikuwa, saa chache tu kabla, na umeme isioweza kuutumia. Usiku wa manane, Kenya hutumia takriban nusu tu ya umeme inaoutumia saa mbili usiku. Visima vya mvuke vya Olkaria havijui kama watu wamelala. Upepo wa Turkana nao huvuma vizuri usiku. Matokeo yake mvuke huachiwa hewani bila kuzungusha chochote, na mitambo ya upepo huamriwa kupunguza kazi. Kisha jua linapozama saa kumi na mbili na nusu na kila nyumba kuwasha taa, jiko na televisheni, hali inageuka. Rais William Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme ili mengine yapate.

Mfanyabiashara wa mahindi hawezi kulielewa tatizo hili kwa njia nyingine zaidi ya moja: hakuna ghala. Wakati wa mavuno bei imeanguka na mahindi yanaoza shambani, wakati wa kiangazi watu wanapanga foleni. Tofauti ni kwamba kwa umeme mavuno ni kila usiku na kiangazi ni kila jioni.

Bidhaa inayouzwa sekunde ileile

Umeme unaozalishwa sasa hivi lazima utumike sasa hivi. Mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi moja huenda kwa mwendo mmoja, na mkondo wake hupiga mara 50 kwa sekunde, kuanzia Olkaria mpaka kwenye feni ya dukani. Mwendo huo ndio wataalamu wanauita masafa. Watumiaji wakizidi uzalishaji, mwendo unashuka, kama lori lililojaa saruji linapoanza kupanda mlima. Dereva akikanyaga mafuta kwa wakati, linapanda. Akichelewa, linazima katikati ya mlima, na hapo ndipo vifaa vya kinga hujikata kimoja baada ya kingine ili mitambo isiungue. Septemba 6 lori lilizima.

Mitambo ya zamani ya maji na mvuke ina magurudumu mazito ya chuma yanayozunguka. Uzito huo husaidia: gurudumu la tani nyingi halipungui mwendo kwa sekunde moja. Paneli za jua hazina gurudumu lolote, na mitambo mingi ya kisasa ya upepo imeunganishwa kwenye gridi kupitia vifaa vya kielektroniki, kwa hiyo uzito wa mapanga yake hausaidii sana. Kadiri nchi inavyoongeza jua na upepo, gridi inakuwa nyepesi na inayumba haraka zaidi. Hilo halimaanishi jua na upepo ni vibaya. Mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye minara 365 na uwezo wa megawati 310, umeipa Kenya umeme usiohitaji tone la mafuta tangu uzinduliwe mwaka 2019. Maana yake ni kwamba ukinunua lori jepesi lenye kasi, ununue na breki zake.

Tukiwa hapo Turkana, historia ya mradi ule inafaa kukumbukwa na kila anayejua gharama ya mzigo kukaa bandarini. Minara ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kilomita zaidi ya 400 ya kuupeleka umeme Suswa ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo mapanga yalisimama jangwani, na Kenya ililazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Sasa laini ipo, na bado usiku sehemu ya umeme haina pa kwenda. Kwanza ilikosekana barabara, sasa linakosekana ghala.

Barafu nayo ni betri

Watu wakisikia ghala la umeme hufikiria betri moja kwa moja. Lakini ghala la bei rahisi kuliko yote kwa watu wa ukanda huu huenda ni lile ambalo wachuuzi wa samaki wamekuwa wakilibeba miaka yote kwenye masanduku ya boriti na maboksi ya foronya: barafu.

Kugandisha tani moja ya barafu hula takriban uniti 50 hadi 80 za umeme, kulingana na mtambo. Katika joto letu, kilo moja ya sangara inahitaji karibu kilo moja ya barafu ili ifike sokoni ikiwa na hali nzuri. Sasa kiwanda cha barafu kikigandisha saa saba usiku, wakati mvuke wa Olkaria unaachiwa hewani, barafu ile inakuwa imebeba umeme wa usiku mpaka mchana kutwa bila waya wala kemikali. Kikigandisha saa mbili usiku, kinashindana na jiko la jirani, na kinaisukuma nchi kuwasha jenereta za mafuta mazito za Mombasa au Thika, ambazo gharama yake humrudia kila mteja kwenye mstari wa gharama ya mafuta katika bili yake.

Kenya ililiona hilo mapema. Tangu Desemba 2017 wateja wa viwandani na wa biashara kubwa wamekuwa wakipewa nusu bei kwa umeme wa usiku, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi siku za kazi, kwa matumizi yanayozidi kiwango chao cha kawaida. Ni mpango mzuri kwa mwenye kiwanda. Kwa mwenye friji tatu za dukani hauna maana, kwa sababu mita yake haijui saa. Mita ya tokeni inahesabu uniti tu, iwe saa mbili usiku au saa tisa alfajiri. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mita inayojua saa kwenye chumba cha baridi cha ushirika wa wavuvi ingefanya kazi kubwa kuliko makongamano kadhaa ya nishati tuliyokwisha kuyaripoti.

Hata hivyo barafu haiwezi kurudishwa kuwa umeme. Ikishaganda imeganda. Kwa jioni, na kwa sekunde zile za Suswa, panahitajika kitu kingine.

Betri za Dedza

Tuvuke mpaka wa Kasumulu tuingie Malawi. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, mtambo wa karibu megawati 130, na nchi ikapoteza takriban theluthi moja ya umeme wake. Wafanyabiashara wa Mbeya wanaopeleka bidhaa Karonga na Mzuzu wanaukumbuka mgao uliofuata. Mwaka huohuo, huko Golomoti katika wilaya ya Dedza, ulianza kazi mtambo wa jua wa megawati 20 ukiwa na kitu ambacho mitambo mingi ya jua katika ukanda huu haikuwa nacho: betri ya megawati 5 yenye ujazo wa megawati-saa 10.

Tarakimu hizo mbili ni muhimu kuzitofautisha, kwa sababu ndizo wauzaji wanazozichanganya. Megawati ni upana wa mlango wa ghala: unaweza kutoa magunia mangapi kwa mara moja. Megawati-saa ni ujazo wa ghala lenyewe. Betri ya Golomoti ikifungua mlango wake wote, inaishiwa baada ya saa mbili. Haiwezi kuiwasha Malawi usiku kucha na haikujengwa kwa ajili hiyo. Wingu likipita juu ya Dedza na paneli zikapoteza nguvu ghafla, betri hujaza pengo kabla gridi haijayumba. Betri hujibu chini ya sekunde moja. Lango la bwawa huchukua sekunde nyingi mpaka dakika kufunguka na maji kushika kasi. Malawi imeona faida yake, na Novemba 2024 ilizindua ujenzi wa betri nyingine ya megawati 20 pale Kanengo, Lilongwe, hii ikiwa ya kuihudumia gridi nzima.

Je, betri kama hiyo ingeizuia Kenya isizimike ile Septemba? Tuseme ukweli: betri ya megawati 100 haijazi pengo la megawati 488. Ingenunua muda. Sekunde kumi au ishirini za kushikilia mwendo zinatosha kukatia maeneo machache kwa mpango huku mitambo ya maji ikiongezwa, badala ya gridi yote kuanguka na mafundi kuanza kuiwasha kipande kwa kipande kwa saa kadhaa. Kwa mwenye kiwanda cha maziwa, kukatiwa nusu saa na kukatiwa saa nane ni vitu viwili tofauti kabisa.

Betri za jioni nzima zipo, ila ziko mbali kidogo. Kenhardt, katika jimbo la Northern Cape nchini Afrika Kusini, pana uwanja wa paneli wa megawati 540 na betri ya megawati 225 yenye ujazo wa megawati-saa 1,140, uliokamilika Desemba 2023. Mkataba wake na shirika la umeme hausemi utatoa umeme jua likiwepo. Unasema utatoa megawati 150 kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3:30 usiku. Yaani jua linauzwa baada ya kuzama. Uganda nayo imeruhusu mradi wa jua wa megawati 100 huko Kapeeka, wilaya ya Nakaseke, ambao utaambatana na betri za megawati-saa 250.

Kilichobadilisha mambo ni bei. Mwaka 2010 betri ya lithiamu ya kuhifadhi uniti moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani ulishuka hadi dola 115. Hiyo ni bei ya betri peke yake kutoka kiwandani, kabla ya meli, transfoma, vifaa vya kupoza na mafundi, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa serikali hushtuka. Pia ghala hili lina panya wake: ukiingiza uniti 100, unatoa kama 85 hadi 90.

Kuna kejeli moja ambayo wenye malori wa Tunduma wanaiona kila siku. Kongo ndiyo inayotoa takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa hupita Kasumbalesa, Nakonde na Tunduma ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Inakwenda China, inarudi ikiwa ndani ya simu na magari. Betri nyingi za siku hizi za kuhifadhi umeme wa gridi, hata hivyo, zimetengenezwa kwa chuma na fosfati bila kobalti kabisa, kwa sababu ni rahisi na haziwaki moto kwa urahisi. Anayedhani utajiri wa Kolwezi ndio utakaotupa betri za bei nafuu afikirie tena.

Mabwawa ya jirani

Ghala kubwa kuliko yote tunalo tayari, na wengi hawaliiti ghala. Ni maji nyuma ya bwawa. Maji yanayosubiri ni umeme unaosubiri.

Nchi nyingine hujenga mabwawa mawili, moja juu na moja chini, usiku wanapandisha maji kwa umeme wa ziada, jioni wanayashusha. Afrika Kusini inafanya hivyo Ingula, mtambo wa megawati 1,332, na Cape Town ina wake mdogo wa Steenbras tangu mwaka 1979, ambao umeusaidia mji huo kupata nafuu ya mgao kuliko miji mingine. Ni njia iliyothibitika, inadumu miongo mingi, lakini inataka mlima na maji mahali pamoja, pamoja na mabilioni na miaka ya ujenzi.

Kuna njia rahisi zaidi, nayo inahitaji jirani. Denmark ina upepo mwingi na haina milima. Norway ina mabwawa. Tangu miaka ya 1970 nchi hizo zimeunganishwa kwa nyaya chini ya bahari, leo zikiwa nne zenye uwezo wa karibu megawati 1,700. Upepo ukivuma sana Denmark, Norway inanunua umeme ule kwa bei ya chini na kufunga milango ya mabwawa yake. Upepo ukitulia, Norway inafungua milango na kuuza kwa bei ya juu. Hakuna maji yaliyopandishwa popote. Maji yamesubiri tu. Mdenmark analalamika kwamba Mnorwe anapata faida mara mbili, lakini anaendelea kuuza, kwa sababu asipouza umeme wake unamwagika.

Sasa tazama ramani yetu. Laini ya Ethiopia hadi Suswa, kilomita zaidi ya 1,000, imekuwa ikileta umeme Kenya tangu Novemba 2022 na imejengwa kubeba hadi megawati 2,000. Laini ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Isinya, kupitia Namanga, hadi Singida iliwashwa Desemba 2024. Kabla ya hapo Kenya na Tanzania zilikuwa zikiuziana umeme wa miji ya mpakani tu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 2,115, lilikamilika mwaka 2025. Ethiopia ilizindua bwawa lake kuu la Abbay Septemba mwaka huohuo. Uganda imeongeza Karuma, megawati 600. Kwa hiyo upande mmoja tuna mvuke na upepo usiolala, upande mwingine maji yanayoweza kusubiri, na katikati nyaya zimeshafika.

Kinachofanyika mpaka sasa ni tofauti. Mikataba mingi ni ya kununua kiasi fulani kwa miaka mingi, kama ule wa Kenya na Ethiopia wa miaka 25, unaoanza na megawati 200 kwa bei ya senti 6.5 za dola kwa uniti. Ni bei nzuri. Lakini mkataba wa namna hiyo ni kama kukodi lori kwa mwaka mzima: unalipa hata siku usiyokuwa na mzigo. Biashara ya ghala inataka kununua saa nane usiku na kuuza saa mbili usiku inayofuata, kwa bei mbili tofauti zinazojulikana na wote. Nchi za kusini zimekuwa na soko la umeme la siku moja kabla tangu mwaka 2009. Kwetu, muungano wa umeme wa Afrika Mashariki ulianzishwa mwaka 2005 na una makao yake Addis Ababa, lakini umeme bado unavuka mipaka kwa mikataba ya serikali mbili mbili.

Maji ya ziwa na deni la 2006

Kwa nini tusiaminiane? Wakazi wa Ziwa Victoria wana jibu, nalo ni zito.

Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 na kuligeuza ziwa zima kuwa tangi. Kulikuwa na makubaliano: maji yanayofunguliwa Jinja yawe sawa na yale ambayo mto Nile ungeyachukua wenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Mwaka 2000 Uganda ikafungua mtambo wa pili pembeni, Kiira. Kisha ukaja ukame, mahitaji ya umeme Kampala yakawa yanapanda, na milango ikafunguliwa kupita kiwango. Kufikia mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1920. Ukame ulichangia, lakini maji yaliyouzwa kabla ya wakati wake yalichangia pia.

Aliyekuwa na mtumbwi Kisumu, Musoma au Bukoba alijionea mwenyewe. Magati yalibaki juu, mialo ikasogea mbali, mazalia ya samaki kwenye mabwawa ya matete yakakauka. Wala Uganda yenyewe haikupona: ziwa liliposhuka, mitambo ya Jinja nayo ikapungukiwa na nguvu, na Kampala ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme pamoja na jenereta za kukodi za dizeli. Umeme ulitumika na nchi moja, kina cha maji kilishuka kwa tatu.

Kwa hiyo Tanzania ikiombwa ifunge kidogo milango ya Rufiji usiku ili ipokee upepo wa Turkana, na kurudisha jioni, ina haki ya kuuliza maswali ambayo mwenye ghala yeyote angeuliza. Nani anapima kilichoingia? Mvua zikikosekana, deni linalipwa vipi? Wakulima na wavuvi walio chini ya bwawa, wanaoathirika maji yakipanda na kushuka kila siku, wanalipwa na nani? Na Kenya nayo ina haki ya kuuliza kama itakapofika saa mbili usiku mlango utafunguliwa kweli, au itaambiwa Dar es Salaam nako kuna joto.

Dalili za kuaminiana zipo. Rusumo, kwenye mto Kagera, mtambo wa megawati 80 unamilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Tanzania. Na mwaka 2025 Serikali ya Tanzania, pamoja na kuwa na umeme mwingi Rufiji, ilitangaza nia ya kununua wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba umeme unaosafiri kutoka kusini hadi Arusha na Moshi unapotea sana njiani. Wapo waliokasirika mitandaoni. Mfanyabiashara wa Namanga hakuona la kushangaza: naye hununua saruji upande ulio karibu.

Betri na mabwawa havishindani katika hili. Bwawa ni ghala la saa na miezi, lakini ni zito kuamka. Betri ni ghala la sekunde mpaka saa chache, na inaweza kukaa palepale Suswa au Singida, kwenye mdomo wa laini yenyewe. Na jinsi laini zinavyoongezeka ndivyo betri hizo zinavyohitajika zaidi, kwa sababu gridi zilizoungana hushiriki mwendo mmoja: msaada husafiri kwa waya, na mtikisiko husafiri kwa waya huohuo. Ni jambo ambalo hotuba za kukata utepe hulipita haraka.

Laini inayofuata ni ya Tunduma. Nguzo zake za kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya zinasimamishwa kuelekea Sumbawanga, na tawi lake litavuka hadi Zambia. Ikiwashwa, umeme wa mvuke wa Naivasha utaweza kukutana na wa jua wa Kenhardt kwenye mfumo mmoja, kutoka Addis Ababa mpaka Cape Town. Zambia, ambayo ukame wa mwaka 2024 ulilishusha Ziwa Kariba mpaka watu wa Lusaka wakawa wanapata umeme kwa saa chache tu kwa siku, itakuja na njaa kubwa. Wenye mashine za kusaga wa Nakonde, ambao msimu ule walikuwa wakipeleka mahindi yao kusagwa upande wa Tunduma, wameshaanza kuuliza bei itakuwa ngapi, na ya saa ngapi.